VITI VYA KAMATI VIPO, SISI TUKO KIJIWENI



Leo tuongelee kitu ambacho hakina shamrashamra kama kampeni, hakina fulana wala kofia za bure, lakini ndo kinachoamua kama zahanati ya kwenu itakuwa na dawa na kama sakafu ya darasa la mdogo wako itabomoka baada ya mvua mbili. Naongelea KAMATI. Kamati ya shule, kamati ya zahanati, kamati ya maji, kamati ya ujenzi, na mkutano mkuu wa mtaa ambao ndo mama yao wote.

Najua kuna mtu ana dakika kumi tu zimebaki hapo kafe na ameshaanza kutafuta matokeo ya mpira. Subiri kidogo mshkaji, hii inakuhusu.

Hapa mjini, kuanzia Ng'ambo mpaka Isevya, Gongoni mpaka Ipuli, kila kijiwe kina wachambuzi wake. Diwani kala. Mtendaji kala. Mkandarasi kala. Tunaongea mpaka kahawa inaisha. Sasa nina swali moja dogo: siku lori la simenti lilipofika shuleni, NANI alihesabu mifuko na kuweka saini kwamba imetimia? Diwani hakuwepo. Mkurugenzi wa manispaa hakuwepo. Aliyesaini ni jirani yako, mjumbe wa kamati ya mapokezi, aliyechaguliwa kwenye mkutano ambao mimi na wewe hatukwenda.

Hapo ndo hoja yangu ilipo. Pesa nyingi za maendeleo za siku hizi zinapita kwenye mikono ya kamati za wananchi wa kawaida. Viti hivyo havihitaji kadi ya chama chochote. Vingi vinajazwa na watu wachache waliojitokeza siku hiyo. Kijana akiamua anaingia. Lakini akiingia bila kujua amefuata nini, anageuzwa MUHURI wa kupitishia mambo ya wengine. Kwa hiyo kuna mawili ya kujua: mlango uko wapi, na ukishaingia usimamie nini.

PESA ZINAPITA WAPI

Tuanze na shule. Tangu Januari 2016, ilipoanza elimu bila malipo, shule za msingi za serikali zilipangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ikiingia kwenye akaunti ya shule na 4,000 ikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Sekondari ilipangiwa 25,000. Ukisikia 6,000 unaona ni hela ya vocha. Sasa zidisha. Shule yenye watoto 800 hiyo ni shilingi milioni 4 na laki 8 kwa mwaka. Chaki, mitihani, ukarabati mdogo mdogo, vyote vinatoka humo. Anayetakiwa kupitia mpango na matumizi ni kamati ya shule, yenye wazazi na walimu ndani yake, na mwalimu mkuu akiwa katibu.

Twende zahanati. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilianza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, badala ya kuzipitisha zote makao makuu ya halmashauri. Hata zahanati ndogo ya kijijini ikawa na akaunti yake benki. Nani anakaa na mganga mfawidhi kupanga zitumikeje? Kamati ya usimamizi wa kituo. Mganga ni katibu, na ndani yake kuna wawakilishi wa watumia huduma, yaani wewe, mimi, na mama anayepeleka mtoto kliniki.

Halafu kuna ujenzi, na hapa ndo penye mzigo mkubwa. Mnakumbuka mwaka 2021, ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19? Sehemu yake ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima: 12,000 vya sekondari na 3,000 kwenye vituo shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Vilijengwa kwa ule utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi mkubwa. Fundi anatoka mtaani, vifaa vinanunuliwa madukani, na kazi inasimamiwa na kamati: moja ya manunuzi, nyingine ya mapokezi, nyingine ya ujenzi. Wananchi wakapewa kazi ambayo zamani ilikuwa ya kampuni zenye mainjinia na wahasibu. Wengine waliifanya vizuri sana. Wengine waliambiwa tu "saini hapa mzee", wakasaini.

Kwa ndugu zetu wa vijijini kuna na maji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ilileta RUWASA, na chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo hicho ndicho kinachokusanya hela ya ndoo, kinamlipa mlinzi wa pampu na kununua spea. Mradi ukifa baada ya miaka miwili, mara nyingi pampu haina kosa. Daftari ndo lilikufa kwanza.

Ardhi nayo ina chombo chake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi lenye wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Kwa mkoa kama wetu, wenye wakulima wa tumbaku na wafugaji wanaokutana kwenye mbuga ileile, baraza hilo linaweza kumaliza ugomvi kabla panga halijatoka nyumbani.

Kwa hiyo nyingine zinashauri tu, nyingine zinaamua, na nyingine zinashika hela kabisa. Ukisikia neno kamati usidhani zote ni za kunywa soda.

SISI TABORA SI WAGENI WA MAMBO HAYA

Kuna watu wanadhani mambo ya ushirikishwaji yameletwa na wafadhili kwenye semina za hotelini. Hapana jamani. Igunga, hapohapo mkoani kwetu, ndipo Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulipojaribiwa kwa mara ya kwanza Tanzania katikati ya miaka ya 1990. Kaya ilichangia shilingi 5,000 kwa mwaka. Jambo lilijaribiwa kwa wakulima wa pamba na wafugaji wa Igunga, likaenda wilaya nyingine, na mwaka 2001 Bunge likalitungia sheria. Ndani ya mpango huo kulikuwa na bodi ya wilaya na kamati za afya za kata, kwa sababu moja rahisi kabisa: mtu akichanga hela yake atataka kujua imeenda wapi.

Kabla ya hapo, serikali za mitaa zenyewe zilishawahi kufutwa. Mwaka 1972 yakaja Madaraka Mikoani na halmashauri zikaondoka, mambo yakaendeshwa na maofisa wa mkoa na wilaya. Miaka kumi baadaye zikatungwa sheria za 1982, namba 7 ya wilaya na namba 8 ya miji, na mwaka 1984 halmashauri zikarudi. Ukiwauliza wazee watakuambia kwa nini zilirudi. Barabara za vijijini, zahanati na shule zilikuwa zimebaki bila mwenyewe, na ofisa wa mkoani hawezi kujua daraja gani limevunjika kule Usagari.

Rudi nyuma zaidi, enzi za misafara ya kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa mpaka hapa Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Wanyamwezi waliobeba mizigo hawakuwa watu wa kusukumwa tu. Msafara ulikuwa na kirangozi wa kutangulia mbele na wanyampara wa kusema kwa niaba ya wenzao. Tajiri akipunja posho, mizigo inabaki chini. Akizidisha ubabe, asubuhi anakuta watu wameondoka usiku. Hakukuwa na sheria ya Bunge wala mwongozo wa wizara, lakini kila aliyebeba mzigo alijua nani anamsemea. Sisi wajukuu zao tuna sheria, tuna miongozo, tuna simu za mkononi, na bado ukimuuliza kijana wa Tabora mjini nani anamwakilisha kwenye kamati ya zahanati yao anakuangalia kama umeongea Kichina.

SASA UNAINGIAJE?

Nimeweka kwa namba ili ukitaka kunakili uchukue hizi tu.

1. JULIKANA KWAMBA UNAISHI HAPO. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, jitambulishe kwa mwenyekiti na kwa mtendaji, na uhakikishe umo kwenye daftari la wakazi. Vijana wengi tumepanga, tunahama kila mwaka, hatujulikani. Siku unataka kugombea ujumbe mtu anauliza "huyu ni wa wapi?" na mjadala unaishia hapo. Angalizo: balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa CHAMA. Si mbaya kumsalimia, ni mzee wa watu, lakini ofisi yako ya serikali ni ya mtaa. Wengi wanachanganya hapa, halafu wanaamini lazima uwe mwanachama ndipo uhudumiwe.

2. HUDHURIA MKUTANO MKUU. Mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea anayeishi pale ana haki ya kuingia. Kijijini unatakiwa ufanyike angalau kila miezi mitatu. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inasomwa, na hapo ndipo wajumbe wengi wa kamati wanapopatikana. Usisubiri barua ya mwaliko. Tangazo linabandikwa ubaoni, au linapita na kipaza sauti cha bodaboda.

3. ULIZA NAFASI ZILIZO WAZI. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, uliza kwa adabu: kamati gani zimemaliza muda wake? Kamati ya shule inataka mzazi au mlezi, hivyo kama unamlea mdogo wako nawe umo. Kamati ya kituo cha afya inataka wawakilishi wa watumia huduma. Nafasi za wananchi kwenye bodi ya afya ya halmashauri nzima hutangazwa na watu wanaomba, kwa hiyo ubao wa matangazo wa halmashauri usiupite kama ukuta. Soma masharti ya umri na elimu kwenye tangazo lenyewe, usiambiwe na mtu.

4. TUMIA KIKUNDI. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile WDC, mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wajumbe ni wenyeviti wa mitaa au vijiji. Humo huchaguliwi hivihivi. Lakini sheria inaruhusu kualikwa watu kutoka asasi na vikundi vya wananchi, wanaongea ila hawapigi kura. Kikundi chenu cha bodaboda, cha wafuga nyuki au cha akina dada washona nguo kikisajiliwa, kina sababu ya kuandika barua na kuomba kusikilizwa. Kikundi hichohicho ndo mlango wa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya upigaji, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Safari yake inaanzia mtaani na kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

5. JUA KALENDA. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Mipango ya mitaa na vijiji inakusanywa miezi mingi kabla ya hapo, na baraza la madiwani linapitisha bajeti mapema mwakani. Ukija na wazo lako la kalavati mwezi wa tano unaambiwa "tumelipokea", maana yake basi lilishaondoka. Anza mwezi wa kumi au wa kumi na moja.

6. NENDA KWENYE BARAZA LA MADIWANI. Vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Huruhusiwi kuongea, lakini unaruhusiwa kukaa, kusikiliza na kuandika. Halmashauri za mkoa wetu ziko nane: Manispaa ya Tabora, Mji wa Nzega, na za wilaya Igunga, Nzega, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua. Popote ulipo, moja ni yako. Nenda mara moja tu uone diwani wako anaongea nini, au kama anaongea.

"LAKINI SI NI MUHURI TU?"

Najua maoni yatakayokuja hapo chini. "Dogo acha kutuzingua, kila kitu kimeshapangwa." Sitawabishia kwa asilimia mia.

Ni kweli kwamba uwanja una mwenyewe. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, wapinzani wengi walikatwa majina, vyama vikubwa vikajitoa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Wa tarehe 27 Novemba 2024 vyama vilishiriki, malalamiko ya kukatwa majina yakarudi, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 98. Uenyekiti wa mtaa huwezi kuugombea bila kupitishwa na chama. Halafu yakaja ya tarehe 29 Oktoba 2025: watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa, na vijana wengi tangu siku ile hawataki hata kulisikia neno uchaguzi. Mimi siwezi kumwambia mtu aliyezika ndugu yake "njoo tuhudhurie kikao cha zahanati" kama vile hakuna kilichotokea.

Ila nawakumbusha kitu kilichotokea mji huuhuu. Januari 1958 TANU, ikiwa haijatimiza hata miaka minne, ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Mbele yao kulikuwa na uchaguzi wa kikoloni wa KURA TATU. Mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato, elimu au cheo fulani. Dhuluma ya wazi. Wajumbe wengi walikuja wakitaka kususa, na huwezi kuwalaumu. Mwalimu Nyerere akashawishi waingie. Wakaingia. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha ANC. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, 1958 na 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU wakazoa viti, na Desemba 1961 tukapata uhuru. Ndo ule unaoitwa Uamuzi wa Busara.

Sisemi kamati ya zahanati ni sawa na kudai uhuru, msinicheke. Na waliotaka kususa hawakuwa wajinga, walikuwa na hasira ya haki. Ninachosema ni kwamba wazee wale hawakuingia kwa kuamini utaratibu ni mzuri. Waliingia WAKIJUA ni mbovu, lakini walijua wanataka nini humo ndani na wako wangapi. Tofauti kati ya kuingia kwa busara na kuingia kama muhuri iko hapo tu.

Na majirani zetu Kenya wametufundisha jambo lingine. Juni 2024 vijana waliupinga Muswada wa Fedha barabarani mpaka Rais Ruto akakataa kuusaini, na wengi walilipa kwa damu. Barabara ilizuia muswada. Lakini barabara haiwezi kuhesabu mifuko ya simenti. Katiba yao ya 2010 inazitaka kaunti kuwashirikisha wananchi, na hata baada ya maandamano kuisha bajeti za kaunti ziliendelea kujadiliwa kumbini. Asiyekuwepo ukumbini huamuliwa na waliokuwepo.

SAINI YAKO NI SHINGO YAKO

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu hakuna anayelisema kwenye semina. Ukiwa mjumbe wa kamati ya mapokezi na ukasaini kwamba imepokelewa mifuko 200 wakati imeshuka 150, mkaguzi akija ataanza na karatasi. Karatasi ina jina LAKO. Aliyekuambia "saini tu dogo, mingine inakuja kesho" hatakuwepo, na hata akiwepo atasema yeye hakupokea chochote. Umepata nini? Soda na hela ya nauli. Yeye kapata bati za nyumba yake.

Kwa hiyo ukikubali kiti, kubali na haya. Usisaini kabla ya kuhesabu. Kama hukuwepo siku ya kupokea, usisaini siku ya pili yake kwa kumwonea mtu aibu. Kuwa na daftari lako mwenyewe, andika tarehe, idadi na bei. Dai muhtasari wa kikao kilichopita usomwe kabla ya kuanza kipya, kwa sababu mambo mengi yanachomekwa humo. Ukiona uamuzi ambao hamkuufanya umeandikwa, sema hapohapo urekebishwe. Dai taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni, si kufungiwa kabatini.

Na kama unanyimwa taarifa, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mwananchi anaandika barua ya maombi, ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Andika nakala mbili, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukiona wizi wa wazi, TAKUKURU wana ofisi mkoani na wilayani. Huna haja ya kugombana na mtu mtaani wala kutukana. Namba zikiwa kwenye daftari zinaongea zenyewe, tena kwa sauti ya upole.

HABARI YA POSHO

Tuseme ukweli, vijana wengi hawaji kwa sababu hakuna hela. Mjumbe wa kamati hana mshahara. Kikao kinaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Bodaboda akikaa saa tatu pale, hesabu ya tajiri haijafika. Dada wa genge akifunga, nyanya zinaoza. Mstaafu ana nafasi, mwenye duka ana mtu wa kumuuzia. Ndo maana kamati zimejaa watu walewale miaka nenda rudi. Haina maana kwamba ni wabaya. Ni watu wanaoweza kumudu kukaa.

Mimi nimekaa kwenye mkutano wa mtaa ambao hata watu arobaini hatukufika, mtaa wenye mamia ya vijana. Ilipofika kuchagua wajumbe wa kamati, mzee mmoja alitaja jina, mwingine akaunga mkono, imeisha. Dakika tano. Hakuna aliyeiba nafasi ya kijana. Ilikuwa pale chini, hakuna aliyeinama kuiokota.

Wapagazi walijua maana ya posho kuliko sisi: ilikuwa chakula cha njiani, au nguo na shanga za kununulia chakula, ili mtu aweze kutembea na mzigo kesho yake. Haikuwa hongo. Kwa maoni yangu halmashauri zinazotaka vijana zianze na mambo mawili madogo. Vikao vifanyike jioni au Jumapili mchana, na mjumbe arudishiwe nauli kwa utaratibu ulioandikwa, unaojulikana kwa wote na kusomwa kwenye taarifa. Posho ya gizani ndo inayonunua saini. Posho ya mwangani ni nauli tu.

Lakini nasi tusijifiche kwenye posho. Mkutano ni saa mbili au tatu, tena kila baada ya miezi kadhaa. Hapa kafe tunakaa muda huohuo kubishana usajili wa timu ambazo hazitujui. Vijana kumi wa mtaa mmoja wakikubaliana kwenda pamoja, wakakaa mstari wa mbele, wakauliza swali moja tu lililoandaliwa, "Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba kusomewa matumizi ya darasa jipya, kipengele kwa kipengele", mkutano ule hautakuwa kama uliopita. Hakuna polisi wa kuwakamata, hakuna sheria mliyovunja. Na anayesoma hesabu siku hiyo ataanza kuziandaa vizuri za robo inayofuata, kwa sababu anajua kuna watu wanasikiliza.

Wenyeviti wa sasa waliingia Novemba 2024 kwa muhula wa miaka mitano, kwa hiyo wapo mpaka 2029. Madiwani nao wametokana na uchaguzi wa Oktoba 2025. Ukitaka kusubiri uchaguzi, una miaka ya kusubiri. Kamati hazisubiri. Kuna moja inamaliza muda wake mwezi huu mahali fulani karibu na unapokaa.

Wadau, nyie huko kwenu mambo vipi? Mkutano wa mtaa uliitishwa lini mara ya mwisho, na matumizi yalisomwa? Walioko Urambo, Kaliua, Sikonge, na hata mlioko Kigoma mwisho wa reli, tuambieni. Kama kuna mtu aliingia kamati akafanikiwa, aeleze alifanyaje. Kama kuna aliyetoka kwa hasira, naye aeleze kwa nini. Matusi hapana, majina ya watu bila ushahidi hapana.

Naomba kutoa hoja.